Uso wa Kuazima, Sauti ya Kuazima: Aoua Sangaré na Taswira ya Flora katika Filamu Ndefu ya Kwanza ya Burundi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki taswira ya Aoua Sangaré, mwigizaji kutoka Mali anayekumbukwa zaidi kwa nafasi mbili: Attou katika Yeelen (1987) ya Souleymane Cissé, na Flora katika Gito l'ingrat (1992) ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: kwa nini taswira ya Attou imedumu duniani, ilhali taswira ya Flora imefifia katika jiji lile lile la Bujumbura ambamo hadithi yake inatendeka? Makala yanapinga jibu jepesi kwamba tatizo ni mgeni kupewa nafasi ya mwenyeji. Yanajenga hoja kwamba Flora alitengwa na jiji lake na mambo mawili mengine, yaani lugha aliyotiwa kinywani na ukosefu wa utaratibu wa kuihifadhi na kuirudisha filamu kwa umma. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu nafasi ya Kiswahili katika kuurudisha urithi wa filamu wa ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Historia ya filamu ya Afrika Mashariki huandikwa kwa kawaida kupitia majina ya waongozaji. Mwongozaji ndiye anayehojiwa na kutunukiwa, na jina lake ndilo linalobaki katika orodha. Mwigizaji, hasa wa kike, huachwa kama sura isiyo na maelezo. Ni sura hiyo, hata hivyo, ambayo mtazamaji huondoka nayo ukumbini. Mtu aliyesahau mfululizo wa matukio ya filamu bado anaweza kuukumbuka uso, mwendo au namna mhusika alivyogeuka na kumtazama mwenzake.

Kwa Burundi suala hili lina uzito wa pekee. Gito l'ingrat, iliyotolewa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Burundi na watayarishaji wa Ulaya, ndiyo iliyolileta jiji la Bujumbura katika filamu ndefu ya kubuni kwa macho ya mwongozaji Mrundi. Ngabo, ambaye pia ni mwanamuziki, alisimulia habari za Gito (Joseph Kumbela), kijana anayerudi nyumbani kutoka Paris akiwa na shahada na ndoto ya kuwa waziri. Amemwacha Ufaransa mpenzi wake Christine (Marie Bunel), akimwahidi kwamba atamwita mambo yakinyooka. Hayanyooki. Gito anaurudia uhusiano wake na Flora, mpenzi wake wa ujanani, Christine anawasili, na wanawake hao wawili, badala ya kugombana, wanaungana kumtia adabu.

Hivyo mwanamke wa kwanza wa Kirundi kupewa nafasi kubwa katika filamu ndefu ya nchi yake aliigizwa na Mmali. Ukweli huu ukitajwa, hutajwa kama dosari au kama kioja. Makala haya yanauchukua kama tatizo la kiuhakiki linalostahili kuchambuliwa.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unategemea misingi miwili. Wa kwanza ni hoja ya Richard Dyer katika kitabu chake Stars (1979), kwamba nyota wa filamu ni zaidi ya mtu: ni taswira inayojengwa na filamu, matangazo, mazungumzo ya watazamaji na maandishi ya wahakiki kwa pamoja. Kwa mujibu wa hoja hii, mwigizaji hawezi kuingia katika filamu mpya akiwa mtupu, kwa kuwa huja na mabaki ya nafasi alizozicheza kabla. Msingi wa pili ni makala ya Laura Mulvey ya mwaka 1975 kuhusu jicho la kiume katika filamu, yanayouliza ni nani anayetazama na ni nani anayetazamwa.

Misingi yote miwili ilizaliwa kutokana na sinema ya Hollywood na haiwezi kuhamishwa Bujumbura bila marekebisho. Dyer anachukulia kwamba kuna viwanda vya filamu, majarida ya mashabiki na kumbi zinazoizalisha taswira kila wiki. Katika nchi yenye filamu ndefu moja, taswira ya nyota haina pa kurudiwa. Mulvey naye hasemi lolote kuhusu lugha, ilhali katika jamii yenye lugha nyingi mwanamke aweza kunyang'anywa sauti yake hata akiwa anazungumza sana. Kwa sababu hiyo makala yanaongeza swali la tatu: mhusika anasema kwa lugha ya nani, na nani anamsikia?

3.0 Attou: Mwanamke Anayekabidhiwa

Yeelen, jina lenye maana ya mwangaza katika Kibambara, ilipata Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1987. Ni hadithi ya Nianankoro, kijana mwenye nguvu za siri anayekimbia hasira ya baba yake. Akiwa safarini anafika katika nchi ya Wafulani, na mfalme wao anamwomba amtibu mkewe mdogo, Attou, ambaye hajazaa. Tiba inageuka kuwa tendo la ndoa. Nianankoro anakiri, na mfalme, kwa uchungu na utu uliochanganyika, anamwachia Attou aende naye.

Kwa kuutazama mfuatano huo wa matukio peke yake, Attou ni kitu kinachohamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mfalme anamwoa, anamtoa kwa mganga, kisha anamwachia moja kwa moja. Maneno yake ni machache. Hapa ni vyema kukumbuka kwamba Cissé aliianza safari yake ya filamu ndefu kwa Den Muso (1975), ambayo mhusika wake mkuu ni msichana bubu aliyebakwa. Ukimya wa mwanamke katika kazi za Cissé ni shutuma dhidi ya jamii isiyotaka kumsikia, wala si bahati mbaya ya uandishi. Attou si bubu, lakini amerithi sehemu ya ukimya huo.

Uigizaji wa Sangaré unastahili kusomwa ndani ya mpaka huu. Mbele ya mfalme, baada ya siri kufichuka, hajitetei wala halii kwa sauti. Aibu imekaa mabegani na katika macho yaliyoinamishwa. Akiwa na Nianankoro katika chemchemi, karibu na makazi ya ami kipofu, mwili wake unaonekana wazi. Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapa jicho la kiume limepata chakula chake. Hata hivyo kamera ya Cissé iko mbali, maji ni ya utakaso, na mwanamume naye yuko uchi vilevile. Tendo lenyewe linamkumbusha mtazamaji mama yake Nianankoro, ambaye mapema katika filamu anajimwagia maziwa akiwa majini na kumwombea mwanawe. Mwili wa Attou unaunganishwa na sala hiyo kabla haujaunganishwa na tamaa.

Mwisho wa filamu ndio unaoigeuza nafasi yake. Baba na mwana wameangamizana. Katika mchanga uliobaki, mtoto wa Attou anafukua vitu vya mviringo mithili ya mayai, na Attou anampa vazi la baba yake. Mwanamke aliyekuwa akikabidhiwa sasa ndiye anayekabidhi. Hasemi mengi, lakini bila mkono wake urithi ungekatika. Hii ndiyo taswira iliyosafiri: mwanamke aliyesimama jangwani, mtulivu, mlinzi wa kesho. Yeelen imeendelea kuoneshwa na kufundishwa katika vyuo vya nchi nyingi, na uso wa Sangaré umeendelea kuonekana pamoja nayo.

4.0 Flora: Mwanamke Anayedai

Miaka mitano baadaye uso huo unatokea Bujumbura. Mtazamaji aliyemjua Attou anatazamia utulivu uleule, na filamu ya Ngabo inayavunja matarajio hayo kwa makusudi. Gito l'ingrat ni futuhi. Hapa hapana miungu wala fimbo za uchawi. Nguvu ya siri ambayo Gito anaiamini ni shahada yake. Mji aliourudia hauihitaji shahada hiyo kama alivyodhani, na kichekesho chote kinatokana na umbali kati ya cheo anachojiona anastahili na maisha anayoyapata.

Jina la filamu linamwita Gito mtu asiye na shukrani. Neno hilo linaleta lugha ya deni, kwani mtovu wa shukrani ni mtu aliyepokea na hakurudisha. Filamu inamfanya Gito mdaiwa wa watu wengi: familia iliyomngoja, nchi iliyomsomesha, mwanamke aliyeahidiwa Paris na mwanamke aliyeahidiwa nyumbani kabla ya Paris. Christine ana ahadi ya karibuni. Dai la Flora ni la zamani zaidi na halina ushahidi wowote isipokuwa kumbukumbu ya ujana. Kwa hiyo Flora yuko hatarini kuwa ishara tu: nyumbani, asili, mila, mwanamke ambaye msomi humrudia akichoka na ugenini.

Fasihi ya Afrika Mashariki inamjua vizuri mwanamke huyu. Katika Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka mwaka 1966, Lawino anamshutumu mumewe Ocol kwa kuzidharau mila za Waacholi na kumfuata Clementine, mwanamke wa kisasa. Lawino ana sauti kubwa kuliko wote, lakini sehemu ya silaha zake anaielekeza kwa mwanamke mwenzake, na Clementine hapati nafasi ya kujibu hata mara moja. Mgogoro kati ya mila na usasa unabebwa na ugomvi kati ya wanawake wawili, na mwanamume anabaki kuwa tuzo.

Ngabo anaubomoa mpangilio huo. Flora na Christine wanapogundua kwamba wamedanganywa na mtu mmoja, hawagawani kati ya Afrika na Ulaya. Wanagawana taarifa, kisha wanapanga. Tangu hapo Gito ndiye anayetazamwa na wao ndio wanaotazama. Jicho ambalo Mulvey alilihusisha na mwanamume limehamia kwa wanawake, na kinachowekwa wazi mbele yake ni majivuno ya mwanamume badala ya mwili wa mwanamke. Huu ndio mchango mkubwa wa kiitikadi wa filamu hii, na haungesimama bila mwigizaji anayeweza kumfanya Flora awe zaidi ya ishara. Utulivu ambao Sangaré alikuja nao kutoka Yeelen unafanya kazi mpya: ule uliokuwa unyenyekevu mbele ya mfalme sasa ni subira ya mtu anayejua jambo ambalo mwenzake hajui. Katika futuhi, anayejua na kunyamaza ndiye mwenye nguvu.

Kinyume na Attou, basi, Flora hakabidhiwi wala hangoji kuachiwa. Anadai. Tofauti hiyo inamfanya awe nafasi muhimu kuliko Attou katika historia ya taswira ya mwanamke wa Kiafrika mjini, na ndiyo inayofanya kufifia kwake kuwe hasara.

5.0 Uso wa Kuazima na Sauti ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri maungo. Je, uso wa kuazima unaweza kuistiri filamu ya taifa? Pingamizi dhidi ya kumtumia Mmali kuigiza Mrundi lina msingi wake. Sinema ya kikoloni na ya Hollywood ilizoea kumchukulia kila Mwafrika kama anayeweza kuwa Mwafrika wa popote, na kuchanganya mavazi, ngoma na lugha za mataifa kadhaa katika kijiji kimoja cha kubuni. Anayepinga anaogopa kwamba Bujumbura ilitendewa hivyo hivyo.

Pingamizi hilo halitofautishi anayeazima na anayenyang'anya. Ngabo alimchukua mwigizaji aliyekwishajulikana katika sinema ya bara lake, akampa nafasi yenye akili na uamuzi, katika mji mahususi wenye mitaa yake na matatizo yake ya ajira. Hilo liko karibu zaidi na ndoto ya sinema ya Afrika nzima, iliyojengwa kupitia matamasha kama FESPACO ya Ouagadougou tangu mwaka 1969, kuliko dharau ya Hollywood. Uso wa Sangaré ulistiri.

Lugha ndiyo ambayo haikustiri. Kifaransa ndicho kinachobeba uzito wa mazungumzo ya filamu. Kwa Gito hilo lina maana ya kisanaa, kwa kuwa Kifaransa ni sehemu ya ugonjwa wake. Kwa Christine hakuna njia nyingine. Kwa Flora ni tofauti. Msichana wa Bujumbura wa miaka ile aliishi katika Kirundi, na kulingana na mtaa wake aliingia na kutoka katika Kiswahili kila siku. Buyenzi na Bwiza ni mitaa ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya jirani, ya biashara na ya misikiti tangu enzi za ukoloni, jiji lilipoitwa Usumbura. Flora anapomkabili Gito kwa Kifaransa, anamkabili katika uwanja wa Gito mwenyewe. Anamshinda, lakini anamshinda kwa lugha ambayo sehemu kubwa ya wanawake wa mji wake wasingeweza kuifuata hadi mwisho.

Linganisho na Yeelen linaonesha uzito wa jambo hili. Attou ana maneno machache, lakini maneno ya ulimwengu wake ni ya lugha za ulimwengu huo, Kibambara na Kifulani, na dunia ilibidi iyasome chini ya picha. Flora ana maneno mengi, na dunia haikuhitaji tafsiri. Aliyehitaji tafsiri ni jirani yake. Kwa maana hii Flora, pamoja na ushujaa wake, yuko karibu na ububu kuliko Attou.

Mfano wa tatu kutoka Tanzania unasaidia. Katika Maangamizi: The Ancient One (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mwanamke aliyekaa kimya kwa miaka mingi akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukimya wa Samehe ni mada ya filamu, na kupona kwake kunapitia sauti ya mababu. Jambo la kuzingatia ni kwamba Lihamba ni pia msomi na mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taswira yake ina taasisi nyuma yake: wanafunzi, michezo na maandishi. Sangaré alipoondoka Bujumbura, nyuma ya Flora hakukuwa na taasisi ya namna hiyo.

6.0 Taswira Iliyodumu na Taswira Iliyofifia

Historia ya nchi iliikatiza filamu hii mapema. Tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Futuhi kuhusu kijana anayetaka uwaziri haikuwa na mahali katika mji wenye marufuku ya kutembea usiku. Swali la kwanza la Burundi kwenye skrini likawa vita, kama inavyoonekana katika Na Wewe (2010), filamu fupi ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ambayo hadithi yake iko Burundi ya miaka ya 1990. Kati ya picha hizo za hofu, Flora anayecheka mwishoni alipotea.

Kupotea huko kunaonekana wazi zaidi kikilinganishwa na safari ya Marie Bunel. Kwake Christine ni nafasi moja katika orodha ndefu. Watazamaji wengi wa Ufaransa walimjua zaidi kama mama wa mtoto mwimbaji katika Les Choristes (2004). Tasnia ya kwao ilimpa nafasi nyingine, kisha nyingine, na kila moja ikairudisha taswira yake hai. Filamu ya Burundi haikuwa na namna ya kumpa Flora mrithi.

Juhudi za kujenga upya zilikuja baada ya vita. Mwaka 2007 kilianza kituo cha mafunzo cha Burundi Film Center, na mwaka 2009 likaanza tamasha la kimataifa la filamu la FESTICAB, ambalo Ngabo mwenyewe amekuwa mhimili wake. Kizazi kipya cha waongozaji kimepata jukwaa. Hata hivyo tamasha huonesha kwa siku chache, na hadhira yake haiwezi kuchukua nafasi ya hadhira ya mtaani. Katika miaka hiyohiyo hadhira ya mtaani ya Bujumbura ilikuwa na nyota wake: waigizaji wa filamu za Tanzania, hasa Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 na kuombolezwa mbali nje ya mipaka ya nchi yake. Filamu hizo zilivuka Ziwa Tanganyika bila kusubiri tamasha wala ruzuku. Zilivushwa na Kiswahili.

7.0 Kiswahili na Kurudi kwa Flora: Hitimisho na Mapendekezo

Hoja ya makala imekuwa kwamba Flora ni nafasi iliyokamilika kisanaa lakini iliyoachwa bila wasikilizaji. Hilo linaweza kurekebishwa, na mazingira ya kisera yapo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007; Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar; na Kiswahili kinafundishwa katika shule za msingi za Burundi. Mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, Gito l'ingrat iandaliwe upya ikiwa na manukuu ya Kirundi na Kiswahili. Kazi hii ni ya kiuhakiki pia. Chukua uhusiano wa Flora na Christine. Kirundi kina neno umukeba na Kiswahili kina mke mwenza, na maneno yote mawili yanabeba wivu ambao filamu inaukataa. Neno shoga, lililokuwa jina zuri la urafiki wa wanawake, limevutwa na maana nyingine mitaani. Mfasiri atakayechagua dada, mwenzangu au jina tupu atakuwa ameamua jinsi mapatano yao yanavyoeleweka.

Pili, tafsiri hiyo isikilize Kiswahili cha Bujumbura chenyewe. Manukuu yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni yanaweza kumfanya Flora kuwa mgeni kwa mara ya tatu: uso wa Mali, sauti ya Paris, maandishi ya mahali pengine. Usanifu ulinde kueleweka kikanda bila kufuta lafudhi na msamiati wa mtaa.

Tatu, nchi wanachama ziweke sharti la kisheria la kukabidhi nakala ya kila filamu kwa hifadhi ya taifa, na Jumuiya iratibu orodha ya pamoja. Orodha hiyo itaje waigizaji, lugha zilizotumika na haki za kuonesha, kwani filamu isiyojulikana haki zake ni nani haiwezi kurudishwa kwa umma hata nakala ikiwepo.

Nne, kumbukumbu za mdomo za waliofanya kazi katika filamu hiyo na walioitazama mwaka 1992 zikusanywe sasa. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na mashahidi wanapungua.

Mapendekezo haya hayahitaji Burundi ijenge kwanza tasnia kubwa ya filamu. Yanahitaji iisikilize upya filamu iliyo nayo. Aoua Sangaré alikwishafanya kazi yake: alimpa mwanamke wa Bujumbura uso unaofikiri na unaodai haki yake. Kilichobaki ni kumpa mwanamke huyo maneno ambayo Buyenzi itayaelewa.